Mafuta ya mwarobaini ya chupa: mazuri kwa majani, mabaya kwa tumbo

Fungua kizibo tu, pua itakupa nusu ya jibu kabla macho hayajafika kwenye lebo. Mafuta halisi ya mwarobaini yananuka. Ni harufu ya kitunguu saumu kilicholala, imechanganyika na karanga zilizoungua, na hukaa kidoleni hata baada ya kunawa mara mbili. Inatoka kwenye kemikali za salfa zilizomo ndani ya mbegu, na haiondoki kwa kuchujwa na kitambaa. Rangi yake ni ya hudhurungi, kama chai ya rangi iliyokolea. Ukikuta chupa imeandikwa "safi, asilia" halafu ndani mna kitu chepesi cha manjano hafifu kisichonuka, au kinachonukia maua, maelezo ni mawili: ama yamesafishwa kiwandani mpaka yakabaki mafuta matupu, ama yamechanganywa na mafuta mengine.

Tathmini hii inahusu zaidi mafuta hayo ya chupa, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo yenye hatari kubwa. Ndugu zake wa rafu moja, yaani unga wa majani, vidonge, dawa ya meno na sabuni, tutawapitia pia, wengine kwa haraka kwa kuwa hawana mengi ya kusemwa.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Mwarobaini ni mti wa maradhi arobaini, na watengeneza lebo wamelichukua jina hilo neno kwa neno: malaria, kisukari, chunusi, vidonda vya tumbo, mba, minyoo, mbu, wadudu wa bustani, yote kwenye karatasi moja ndogo. Kinachofichwa hapo ni kwamba "mwarobaini" si kitu kimoja. Jani, gome, kijiti, mbegu na mafuta ya mbegu vina kemikali tofauti na kwa viwango tofauti. Utafiti uliofanywa kwa jani hauyatolei ushahidi mafuta, na dawa iliyofaa kupakwa haijathibitishwa kufaa kunywewa. Ukiisoma lebo yoyote ya mwarobaini, iulize maswali mawili: sehemu gani ya mti, na inaingia mwilini kwa njia gani? Chupa nyingi hushindwa hapo hapo.

Mti wenyewe, Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, na ni wa jamii moja na mkangazi. Huko kwao vijiti vyake vimekuwa miswaki tangu enzi, majani yamewekwa katikati ya nafaka na nguo ili kufukuza wadudu, na mafuta yamepakwa kwenye ngozi na kutiwa kwenye taa. Waswahili nao huchemsha majani kwa ajili ya homa na kuoga maji yake mtu anapowashwa. Tazama vizuri orodha hiyo: sehemu kubwa ni ya kusugua, kuoga, kupaka na kufukiza. Wazee walikuwa na sababu.

Maabara iliingia baadaye. Mwaka 1942 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga kwenye mafuta ya mwarobaini kemikali chungu, ikiwemo aliyoiita nimbini. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, aliona nchini Sudan nzige wakifagia kila kijani na kuiacha miarobaini imesimama na majani yake. Mwaka 1968 ikatengwa kutoka kwenye mbegu azadiraktini, kemikali kuu inayowashinda wadudu, na umbo lake kamili likajulikana mwaka 1985. Ni molekuli iliyofungamana vibaya sana: kuitengeneza maabara kulichukua miaka 22 na hatua 71, kazi iliyokamilishwa mwaka 2007 na kundi la mkemia Steven Ley la Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwa mnunuzi maana yake ni moja. Hakuna kiwanda kinachoitengeneza azadiraktini kutoka mwanzo ili kuiuza, hivyo yote iliyomo kwenye chupa yako ilitoka kwenye kokwa, na kokwa ikiwa mbovu, hakuna cha kuiokoa.

Na kokwa huharibika kwa urahisi. Tunda likiiva na kuanguka, nyama yake inabidi itolewe ndani ya siku chache, mbegu zioshwe na kukaushwa kivulini penye upepo. Zikiachwa na nyama yake kwenye gunia la plastiki, ukungu unaingia, na miongoni mwa ukungu huo umo ule unaotoa sumukuvu, sumu ileile ya mahindi na karanga zilizovunda. Zikianikwa kwenye jua kali, azadiraktini inavunjika. Zikikaa stoo zaidi ya miezi minane au kumi, nguvu imeshapungua sana. Kipimo cha mkono ni rahisi: pasua kokwa tano. Kiini kizuri ni cha kijani au kijani-manjano. Kikiwa cheusi, cha kahawia, au kina unga wa ukungu, tupa. Anayenunua mafuta yaliyokwisha kukamuliwa hawezi kupasua kitu, ndiyo maana tarehe ya kukamua ni muhimu kuliko tarehe ya mwisho wa matumizi, na chupa isiyoonyesha tarehe ya kukamua tumeishushia alama bila huruma.

Mazao yake pia yanaeleza kwa nini watu huchakachua. Kilo 50 za matunda hutoa karibu kilo 30 za mbegu, na mbegu hizo hutoa karibu kilo 6 za mafuta na kilo 24 za mashudu. Mafuta ni kidogo, kazi ni nyingi.

Sasa lebo. Kuna bidhaa tatu zinazouzwa kwa jina moja, na kuzichanganya ndiko kunakoleta malalamiko mengi. Ya kwanza ni mafuta ghafi yaliyokamuliwa bila moto: mazito, yananuka, yana azadiraktini yake yote ya asili. Ya pili ni mafuta yaliyotolewa azadiraktini, yakabaki mafuta safi. Haya huziba matundu ya kupumulia ya wadudu laini na kuzuia ukungu mweupe wa majani, lakini ukiyanunua kwa ajili ya viwavi umepotea njia. Ya tatu ni kiuatilifu kilichokwisha kutengenezwa, chenye viyeyushi na kiwango kilichotajwa, kwa mfano sehemu 300, 1,500 au 10,000 za azadiraktini kwa kila milioni (ppm). Hiki cha tatu ni bora kwa shamba kuliko vyote kwa sababu unajua unachopima. Lakini kisiguse ngozi wala nywele. Namna ya kukitambua hata lebo ikifutika: dondoshea tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ghafi yataelea yakiwa duara la dhahabu. Kiuatilifu kitasambaa chenyewe na kuyafanya maji kuwa kama maziwa.

Kwa mafuta ghafi, kipimo cha bustani ni mililita 5 za mafuta, yaani kijiko kimoja cha chai, na mililita 1 hadi 2 za sabuni ya maji isiyo kali kwa kila lita moja ya maji ya uvuguvugu. Mpangilio ndio wenye kuharibu au kujenga. Changanya mafuta na sabuni kwanza, bila maji, kwenye kopo dogo, ukoroge mpaka yawe uji mmoja. Kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimwaga mafuta kwenye maji halafu ndio ukumbuke sabuni, yatajikusanya juu, bomba litanyunyiza maji matupu dakika za mwanzo, na tone zito la mafuta litakalokuja mwishoni litaunguza majani. Mtu huyo ndiye anayeandika kwamba "mwarobaini umeua nyanya zangu." Baridi ikizidi mafuta huganda kama samli. Hayajaharibika. Simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, usiiweke motoni, kwa kuwa joto kali linavunja kile ulichokinunua.

Hapa kuna kosa moja linalostahili kusemwa kwa sauti: majivu. Wengi huongeza majivu kwenye dawa ya mwarobaini kwa imani kwamba mbili zina nguvu kuliko moja. Azadiraktini inapenda maji yenye uchachu kidogo, pH kati ya 4 na 6. Majivu ni magadi, na sabuni ya mche nayo ina ukali wa aina hiyo. Ukivichanganya na kuacha vilale usiku kucha, asubuhi unanyunyiza harufu. Sabuni iwe kidogo, iingie dakika ya mwisho, na mchanganyiko utumike siku hiyo hiyo.

Nyunyiza jioni, jua likishalegea, na ulenge chini ya majani ambako vidukari, inzi weupe na utitiri hukaa. Jua la mchana linavunja azadiraktini ndani ya siku chache tu, tena mafuta kwenye jani lenye joto huliunguza. Jaribu kwanza kwenye majani mawili matatu, usubiri siku mbili, hasa kwa miche michanga. Usinyunyize maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini, na usimwage mabaki kwenye bwawa la samaki.

Usitarajie maiti asubuhi. Azadiraktini inavuruga homoni zinazomwezesha mdudu kujivua gamba, na inamkata hamu ya kula. Kiwavi mdogo huacha kula, husinyaa, hukwama ndani ya ngozi yake ya zamani, na kufa kwake huja siku kadhaa baadaye. Mdudu mkubwa aliyekwisha kukomaa haathiriki sana. Kwa hiyo dawa hii ni ya kuwahi, si ya kuokoa jahazi linalozama. Rudia kila baada ya siku saba, na mapema zaidi mvua ikinyesha. Anayetaka kitu cha kuangusha wadudu papo hapo atasema bidhaa ni mbovu, kumbe matarajio yake ndiyo mabaya.

Mwenye mti wake hahitaji chupa kabisa. Chukua gramu 500 za viini vilivyomenywa, uvitwange taratibu. Ukitwanga kwa fujo mafuta hutoka, unga unashikana kuwa donge na maji hayapenyi. Funga unga kwenye kitambaa, uloweke kwenye lita 10 za maji usiku mzima, asubuhi ukamue kitambaa mpaka maji yatoke kama chai ya maziwa hafifu, uchuje tena, uhifadhi kivulini, utie sabuni kidogo na kunyunyiza jioni. Tumia ndoo ambayo haitarudi jikoni, maana uchungu haukubali kuosheka. Kwa viwavi, maji haya hayashindwi na chupa nyingi tulizozieleza hapo juu.

Kwenye ukungu wa mimea mafuta yana sifa zake pia, na sifa hiyo ilizua mgogoro wa kisheria. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya njia ya kudhibiti ukungu kwa mafuta ya mwarobaini. Mwanaharakati wa India Vandana Shiva na wenzake walipinga, wakionyesha kwamba wakulima wa India walishaijua njia hiyo. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikagonga mwamba mwaka 2005.

Kwenye ngozi tunayapa mafuta ghafi alama ya wastani. Hayapakwi yenyewe. Kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 250 za mafuta ya nazi kinakupa asilimia 2, na kwenye mililita 100 kinakupa asilimia 5, ambayo ndiyo ukomo wa busara. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, subiri siku nzima. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, chupa hiyo si yako, kwa kuwa mzio wa mafuta haya upo na umeandikwa na madaktari. Utafiti unaotajwa sana kwa ngozi ni wa India wa mwaka 1992: watu 814 wenye upele walipakwa mchanganyiko wa mwarobaini na manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni matokeo ya kutia moyo, ila ulikuwa utafiti wa awali, na kilichopakwa ni uji wa majani na manjano, si mafuta ya chupa. Rudi kwenye lile swali la sehemu gani ya mti.

Kwa mbu, jaribio la India lililochapishwa mwaka 1993 lilionyesha kwamba asilimia 2 ya mafuta ya mwarobaini ndani ya mafuta ya nazi ilizuia mbu aina ya Anofelesi kwa saa 12. Majaribio mengine yamepata kinga fupi zaidi. Basi paka ukitaka, harufu ukiivumilia, lakini chandarua kibaki mahali pake.

Kunywa ndipo tathmini hii inapogeuka kuwa onyo. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya watoto wachanga 13 wa Malaysia walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya kienyeji ya maradhi madogo madogo. Walitapika, wakalegea na kusinzia, wakahema kwa kasi kwa sababu damu ilijaa asidi, wengine wakapata degedege, na ini na ubongo vikaathirika. Hawakumeza debe la mafuta. Kwa mtoto, dozi ya vijiko inatosha. Kwa hiyo mtoto asinyweshwe hata tone. Mjamzito asinywe, na anayetafuta ujauzito pia asinywe: kwa wanyama wa maabara mafuta haya yamezuia mimba na kuiharibu, na katika maabara huua mbegu za kiume. Lebo inayosema "kijiko kimoja asubuhi" tumeipa sifuri, hata kama mafuta yenyewe ni mazuri. Chupa ikae mbali na mafuta ya kula na mbali na kabati la dawa, kwa sababu usiku, taa ikizimika, chupa zote za kahawia hufanana.

Unga wa majani una hadithi nyingine. Una azadiraktini kidogo sana, hivyo haufai kwa wadudu kama mbegu, na hauna hatari ya mafuta kwa kiwango kile. Shida yake ya kwanza ni utambulisho. Mmelia, Melia azedarach, unafanana na mwarobaini na wengi huuita kwa jina hilo hilo, ilhali matunda yake ni sumu kwa binadamu. Jani la mwarobaini lina ukuti mmoja wenye vijani vya meno meno kushoto na kulia. La mmelia hugawanyika tena, ukuti ndani ya ukuti. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau hafifu. Vikishasagwa, hakuna jicho litakalovitenganisha. Nunua majani makavu yakiwa mazima kwenye vikuti vyake, usage mwenyewe. Yawe ya kijani kibichi kilichofifia, si ya kahawia, na yavunjike kwa mlio ukiyakunja.

Je, yanatibu? Kwa malaria, kemikali kama geduni na nimbolidi zimeua vimelea ndani ya vyombo vya maabara, na kutoka kwenye chombo hadi kwenye damu ya mgonjwa ni mbali. Anayekunywa maji ya majani huku homa ikipanda anapoteza saa ambazo vimelea hawapotezi. Kwa kisukari kuna majaribio madogo kwa binadamu yaliyoonyesha sukari kushuka, na hapo ndipo hatari ilipo: anayetumia vidonge vya hospitali akiongeza mwarobaini kimyakimya anaweza kushuka kupita kiasi, akatoka jasho, akatetemeka na kuanguka. Daktari aambiwe kwanza. Vidonge vya kopo vina kasoro zote za unga, na juu yake kuna ganda linalokuzuia kuona ulichomeza.

Dawa ya meno ndiyo iliyotushangaza kwa wema. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wiki sita kwa wanaume 36, ambapo jeli ya majani ya mwarobaini ilipunguza utando wa meno na bakteria zaidi ya dawa ya kusukutua ya klorheksidini. Ni watu wachache, lakini walikuwa na kundi la kulinganishwa nalo, jambo ambalo bidhaa nyingi za mti huu hazina. Sharti letu ni kwamba dondoo la mwarobaini liwe karibu na mwanzo wa orodha ya viungo na floraidi iwepo, kwani mwarobaini haufanyi kazi ya floraidi.

Sabuni ni sabuni. Magadi yanayotumika kuitengeneza huvunja kilichokuwa cha maana, kisha povu linasombwa na maji ndani ya dakika moja. Inasafisha.

Mashudu, yale mabaki baada ya kukamua, ndiyo watu wanayapita bila kuyatazama. Yana naitrojeni, yanafukuza minyoo midogo ya mizizi, na yanapunguza kasi ya naitrojeni kupotea udongoni. India iliamua mwaka 2015 kwamba urea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini kwa sababu hiyo ya mwisho. Changanya mashudu na udongo wiki mbili kabla ya kupanda, na usiyatie kwenye trei za miche, kwa sababu yakiwa mabichi na mengi huzuia mbegu kuota.